Kununua Speedmaster ya Snoopy Iliyokwisha Kuvaliwa, na Kuitunza Isipoteze Asili Yake

Nyuma ya saa ya Omega Speedmaster iliyotolewa mwaka 2015 kwa jina la Silver Snoopy Award, nishani yenye jina la Snoopy, yule mbwa wa katuni, pamechorwa namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju (/). Namba ya kwanza ni ya saa hiyo peke yake. Ya pili, 1970, ni idadi ya saa zote za aina hiyo zilizotengenezwa. Dada yake mkubwa wa mwaka 2003 ana 5441. Anayetaka mojawapo leo hataikuta mpya dukani, kwa kuwa zote zilikwisha kuuzwa zamani. Atainunua kwa mtu aliyeivaa, au kwa mfanyabiashara aliyeinunua kwa mtu huyo, na kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya siku ya kwanza. Hizo ni fedha za kununulia kiwanja katika miji yetu mingi, na kama vile mtu hanunui kiwanja bila kwenda kukikanyaga, saa ya namna hii nayo hainunuliwi kwa picha mbili za simu.

Kabla ya kutafuta muuzaji, ni vizuri mnunuzi aijue hadithi ya namba hizo, kwa sababu wanaoghushi hukosea zaidi katika mambo madogo yatokanayo na hadithi hiyo. Mwezi Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kilipasukiwa na tangi la oksijeni kikiwa njiani kwenda mwezini. Wanaanga walizima karibu kila kifaa ili kuokoa umeme, na ilipobidi warekebishe mwelekeo wa kurudi duniani, iliwalazimu kuwasha injini kwa sekunde 14 na kuizima. Jack Swigert, mmoja wao, alizihesabu sekunde hizo kwa Speedmaster aliyokuwa amevaa. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo wanaanga waliitunuku Omega nishani ya Silver Snoopy, ambayo hutolewa kwa waliochangia usalama wa safari za anga. Ndiyo maana toleo la 2015, lenye uso mweupe, limeandikwa kwa Kiingereza, kandokando ya alama za sekunde 14 za kwanza, swali la nini kingeweza kufanyika katika sekunde 14. Na ndiyo maana la 2003, lenye uso mweusi na picha ya Snoopy katika duara dogo la kushoto, lilitengenezwa kwa idadi ya 5441, kwani safari ile ilidumu saa 142, dakika 54 na sekunde 41.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Toleo maalumu si lazima liwe toleo lenye idadi maalumu. Mwaka 2020 Omega ilitoa Snoopy ya tatu, yenye rangi ya buluu, kuadhimisha miaka 50 ya nishani ile. Ni saa nzuri sana, na kwa upande wa mashine imezizidi zote mbili za kabla yake, lakini haikuwekewa kikomo cha idadi. Ukikuta tangazo linaloisifu kuwa ni mojawapo ya saa chache zilizohesabiwa, ama muuzaji haijui bidhaa yake, ama anaijua mno.

Fikra ambayo ningependa mnunuzi aishike tangu mwanzo ni kwamba namba iliyochorwa nyuma si thamani yenyewe. Kifuniko cha nyuma ni kipande cha chuma kinachofunguliwa kwa kifaa cha fundi na kufungwa tena kwenye kasha jingine. Thamani imo katika ukamilifu: uso, mishale, kasha, mashine na karatasi zilizotoka kiwandani pamoja na ambazo hazijaachana hadi leo. Mfano wa kutisha upo. Novemba 2021, Speedmaster ya kale ya muundo uitwao CK2915-1 iliuzwa katika mnada wa Phillips mjini Geneva kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Mwaka 2023 Omega yenyewe ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa ya kuungaunga, imekusanywa kwa vipande ambavyo vingi vilikuwa halisi lakini vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Ikiwa macho ya mnada mkubwa namna ile yalipitwa, mnunuzi wa kawaida hana sababu ya kuona aibu kuuliza maswali mengi.

Kwa wasomaji walioko Oman, au wenye jamaa huko, onyo hilo linahusu pia zile saa za Rolex na za watengenezaji wengine zenye nembo ya jambia usoni, ambazo Sultan Qaboos aliziagiza, nyingi zikipitia duka la Asprey la London, akawa anawatunuku maofisa na wageni wake tangu miaka ya 1970. Nembo ndogo iliyopigwa chapa kwenye uso wa kawaida huweza kuipandisha bei ya saa maradufu na zaidi, kwa hiyo nembo hiyo imepigwa pia na mikono ambayo haikutumwa na Sultani. Saa ya namna hiyo isiyo na barua, picha ya siku ya kutunukiwa wala ukoo unaoweza kueleza ilikotoka, mimi nisingeilipa zaidi ya bei ya saa ya kawaida.

Tuirudie Snoopy. Hatua ya kwanza ni picha. Mwombe muuzaji akutumie picha za uso, za nyuma, za ubavuni na za masikio ya kasha, yaani zile ncha nne zinazoushika mkanda, zilizopigwa mchana karibu na dirisha bila taa ya simu. Kisha mwombe aisimamishe mishale mahali utakapomtajia wewe na kuipiga picha ikiwa hivyo, kwani asiye na saa mkononi hawezi kuitimiza haja hiyo. Mtajie namba zilizo usoni, si wakati. Ukimwambia muuzaji wa ng'ambo aiweke saa moja na dakika ishirini, ukiwa unahesabu kwa Kiswahili, mtagombana bure. Mwambie mshale mfupi uwe umepita 1 kidogo na mrefu uwe kwenye 4.

Pamoja na picha, dai kadi ya dhamana. Inapaswa kuwa na namba ya utambulisho ya saa, namba ya muundo, jina la duka lililoiuza kwanza na tarehe ya mauzo. Katika Speedmaster za miaka ya karibuni namba ya utambulisho huwa imechorwa kwa maandishi madogo sana nyuma ya sikio mojawapo la kasha, na ni hiyo inayopaswa kulingana na kadi, herufi kwa herufi. Usiichanganye na ile namba ya toleo iliyo kwenye kifuniko. Ukishaipata, ipeleke kwa The Watch Register ya London, ambayo huweka kumbukumbu za saa zilizoibiwa au kupotea na hufanya uchunguzi kwa ada. Ni gharama ndogo ukilinganisha na fedheha ya kuvaa mali ya mtu mwingine. Saa isiyo na kadi si lazima iwe mbovu, lakini katika matoleo haya kukosekana kwa kadi na sanduku hupunguza bei sana, na muuzaji asikuambie kwamba ni jambo dogo, kwa sababu siku utakapotaka kuiuza wewe litageuka kuwa jambo kubwa.

Siku ya kuiona saa yenyewe, nenda na lenzi ya fundi inayokuza mara kumi, na kama inawezekana nenda na fundi saa mwenyewe. Anza na masikio ya kasha, wala usikimbilie Snoopy. Masikio ya Speedmaster hii yamejipinda, na juu ya kila sikio kuna ukingo mkali uliopinda pia, unaotenganisha sehemu inayong'aa kama kioo na sehemu yenye mistari ya msasa mwembamba. Elekeza saa kwenye mwanga na uizungushe polepole: mwanga unapaswa kukatika ghafla pale kwenye ukingo. Ukiteleza tu kama juu ya sabuni iliyokwisha kutumika, basi kasha limeng'arishwa mara nyingi, na chuma kilicholiwa na mashine ya kung'arishia hakirudi. Mikwaruzo ya kuvaliwa ni jambo la haki. Mimi huipendelea saa yenye mikwaruzo na kingo kali kuliko ile inayometameta ikiwa imepoteza umbo lake.

Uso wa saa uangaliwe kwa lenzi. Maandishi yawe na kingo safi, na rangi ing'aayo gizani iwe na umri mmoja kwenye mishale na kwenye alama za uso. Mishale ikiwa myeupe kuliko alama, uliza ni lini ilibadilishwa. Kwenye Snoopy ya 2003 kioo ni cha plastiki ngumu iitwayo hesalite, na katikati yake kabisa, ndani, kuna alama ya Omega ndogo kiasi kwamba wengine huivaa saa kwa miaka bila kuiona. Pumulia kioo kidogo kiingie ukungu, inamisha saa, uitafute kwa lenzi. Kukosekana kwake kunaweza kumaanisha tu kwamba kioo kilibadilishwa kwa cha duka lolote, jambo ambalo lina dawa, lakini ni dalili kwamba fundi aliyepita humo hakuwa akijali vipande vya asili.

Mashine ya matoleo ya 2003 na 2015 huitwa 1861. Ni ya kutiwa ufunguo kwa mkono, hupiga mara 21,600 kwa saa, na kamani yake, yaani springi inayoiendesha, ikijaa huendesha saa takriban siku mbili. Iko tabia yake moja ambayo waghushi wengi huisahau: ukivuta kifundo cha pembeni ili kurekebisha mishale, mshale mdogo wa sekunde hausimami, unaendelea kutembea. Mashine ya 2020, iitwayo 3861, huusimamisha. Kwa hiyo ukivuta kifundo cha saa inayosemwa kuwa ya 2003 na sekunde zikasimama, mazungumzo yamekwisha. Halikadhalika mshale unaoruka mara moja kila sekunde ni wa saa ya betri, maana 1861 hupiga mara sita katika sekunde moja, na mshale wake huonekana kuteleza kwa hatua fupi fupi.

Sasa washa kronografu, yaani ile sehemu ya kupimia muda, kwa kibonyezo cha juu. Kibonyezo ni kigumu kidogo na huachia kwa mkupuo. Huo ndio ujenzi wake, si ugonjwa. Mshale mrefu wa katikati uondoke bila kurukaruka, na baada ya dakika moja ule wa duara la kulia usogee alama moja. Simamisha, kisha bonyeza cha chini: mishale yote mitatu ya kronografu irudi sifuri kabisa, si karibu na sifuri. Rudia mara kumi. Wanunuzi wengi huishia hapo, hivyo duara la chini, linalohesabu saa hadi 12, halipimwi na mtu. Kama muuzaji anakubali, acha kronografu ikitembea tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu kasoro ya duara hilo haijitokezi katika dakika tano za mezani, na kulitengeneza si kazi ya kila fundi.

Mwisho wa ukaguzi ni kufungua kifuniko. Muuzaji mkweli aliye mbali na fundi anaweza kukuonyesha picha za ndani zilizopigwa wakati wa matengenezo ya mwisho. Muuzaji anayekataa kabisa kifuniko kisifunguliwe na fundi mbele ya macho yake huwa ana sababu, na si kazi yako kuigundua. Ndani, tazama vichwa vya skrubu kama vimechubuliwa na bisibisi isiyolingana, tazama kutu karibu na kifundo na vibonyezo, na uiweke saa kwenye mashine ya kupimia mapigo. Kamani ikiwa imejaa na saa imelala kifudifudi au chali, gurudumu la balansi, yaani lile linalokwenda na kurudi kutoa mapigo, liyumbe nyuzi 270 hivi au zaidi. Likiwa chini ya 230, mafuta yamekauka, na gharama ya kuisafisha mashine nzima itolewe kwenye bei. Kukimbia au kubaki nyuma kwa sekunde chache kwa siku kusikutishe, kunarekebishika.

Kuhusu malipo nitasema machache. Usimtumie mtu usiyemjua fedha zisizoweza kurudishwa. Kama mnakutana, kutaneni benki. Na hati ya mauziano itaje namba zote mbili za saa. Ukiileta kutoka nje, itangaze forodhani. Kodi ya ongezeko la thamani pekee ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, asilimia 16 Kenya, mbali na ushuru wa forodha, na karatasi ya forodha ni sehemu ya ule ukamilifu niliousema, kwa kuwa mnunuzi wako wa kesho atataka kujua iliingiaje nchini. Mkanda wa ngozi ya mamba unaweza kuhitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Njia nyepesi ni kumwomba muuzaji auvue na abaki nao.

Saa ikishakuwa yako, tia ufunguo kila siku wakati uleule, ikiwa imevuliwa mkononi ili kifundo kisivutwe upande. Zungusha polepole mpaka kigome chenyewe. Kikigoma acha, maana saa hii haina njia ya kuachia kamani ikizidi. Kwa sisi wa pwani, adui mkubwa ni jasho, chumvi na unyevu. Speedmaster hizi zimeandikwa kuhimili maji ya mita 50, lakini kipimo hicho kilikuwa cha gasketi mpya, na gasketi ni mpira unaochoka kwa joto. Usiogelee nayo, na usibonyeze vibonyezo ikiwa imelowa. Jioni ifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia jua la Mombasa au la Muscat na ukaona ukungu ndani ya kioo, usisubiri upotee wenyewe: unaweza kupotea, lakini maji yatakuwa yamebaki humo yakilea kutu. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Adui wa pili haonekani. Saa iliyokuwa ikienda vizuri ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imeingiwa na sumaku ya spika, ya kompyuta au ya kifungo cha mkoba. Fundi huiondoa kwa kifaa kidogo, kwa dakika moja, bila kufungua chochote, kwa hiyo usikubali kulipishwa matengenezo makubwa kabla hilo halijajaribiwa. Mikwaruzo myepesi ya kioo cha hesalite unaweza kuiondoa mwenyewe kwa dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa cha pamba, ukisugua kwa mizunguko midogo. Kioo cha yakuti hakihitaji wala hakikubali tiba hiyo.

Kwa matengenezo makubwa, Omega hushauri yafanyike kila baada ya miaka mitano hadi minane. Hapa ndipo saa nyingi kamilifu huharibiwa na watu wenye nia njema. Niliwahi kupeleka saa ya marehemu baba kwenye karakana moja, mishale yake ikiwa imegeuka rangi ya chai kwa umri. Ilirudi ikienda barabara kabisa, ikiwa na mishale mipya myeupe, na kasha limeng'arishwa hadi kingo zimekufa. Nilipouliza mishale ya zamani, nikajibiwa kwa fahari kwamba ilikuwa mibovu wakaitupa. Kosa lilikuwa nusu langu, kwa sababu sikuwa nimeandika neno lolote kwenye fomu.

Tangu hapo huandika, na kuandika kwenyewe ni rahisi: kasha lisipigwe msasa wala kung'arishwa, uso, mishale na kifuniko cha nyuma visibadilishwe bila idhini yangu ya maandishi, kila kipande kitakachotolewa nirudishiwe. Nakala hutiwa saini na pande zote mbili. Gasketi, kamani na vipande vinavyolika ndani ya mashine vibadilishwe bila hofu, kwani hivyo vimewekwa ili viliwe. Uso wa Snoopy ni habari nyingine, kwa kuwa kila ulioharibika umepunguza hesabu ya 1970 au ya 5441, hata kama namba nyuma ya kasha itaendelea kusema vilevile. Vipande vinavyorudi huviweka katika kifuko kidogo cha nailoni kinachofungika, pamoja na risiti ya fundi na karatasi yenye tarehe, nikakiweka ndani ya sanduku la saa, chini ya kadi ya dhamana.